Sauti haiigwi: nasaba ya waimbaji wanne

Walimu wangu wa kwaya, shikamooni. Wanakwaya wenzangu, habari za jioni.

Kamati imenipa swali: kijana anayetaka kuwa mwimbaji wa muziki wa klasiki amsikilize nani? Kwa kawaida anayeuliza ametokea kwaya. Haleluya ya Handel ameiimba kila Krismasi, na sasa anataka kusimama peke yake na mpiga piano. Anapewa orodha ya majina, anaingia YouTube, anachagua sauti moja iliyomkuna, anaanza kuiiga. Baada ya muda koo linauma na sauti yake mwenyewe haijulikani imekwenda wapi.

Orodha sitatoa. Nitafuata nasaba moja: waimbaji wanne, Wamarekani Weusi, kila mmoja akimsikiliza aliyemtangulia. Angalieni jambo moja tu: hakuna aliyefanana sauti na mwenzake.

Wa kwanza ni Roland Hayes, teno, aliyezaliwa Georgia mwaka 1887. Mama yake alizaliwa utumwani. Hayes alikuwa kibarua katika kiwanda cha kuyeyusha chuma huko Chattanooga, na nyimbo alizozijua zilikuwa za kanisani. Kijana mmoja aliyesomea muziki ndiye aliyempigia santuri za Enrico Caruso. Caruso alikuwa na sauti kubwa ya opera, ya Hayes ilikuwa nyembamba na laini. Angejilazimisha kuwa Caruso angejiharibu. Alichokipata kwenye zile santuri ni habari kwamba kazi ya namna hii ipo duniani. Mwaka 1917 alikodi Symphony Hall ya Boston kwa gharama yake mwenyewe, akaimba.

Mwaka 1924 aliimba Berlin, na hapo naomba tukae kidogo. Wajerumani walikuwa na hasira, kwa sababu Ufaransa ilikuwa imepeleka askari kutoka makoloni yake ya Afrika kulikalia eneo la mto Rhine. Mtu Mweusi kusimama mbele yao na kuimba nyimbo za Kijerumani za mtunzi Schubert waliona ni kejeli. Alipotokea jukwaani walimzomea. Hayes alisimama kimya, mikono imetulia, mpaka zomeazomea ikapungua. Kisha akaanza na "Du bist die Ruh" ya Schubert. Wanaoujua wimbo huo wanajua alivyojitwisha mzigo: unaanza polepole, kwa sauti ya chini sana, hauna pa kujificha. Karibu na mwisho sauti inapanda ngazi moja baada ya nyingine, pumzi moja ndefu, halafu mwimbaji anatakiwa aipande tena ngazi ile ile. Mwenye sauti kubwa hushawishika kupiga kelele pale. Hayes aliuimba kwa ulaini, na waliokuwa wakizomea wakaishia kumshangilia.

Marian Anderson alimsikia Hayes akiwa bado binti, kwa sababu Hayes alialikwa kuimba katika kanisa lao, Union Baptist, Philadelphia. Anderson alikuwa kontralto, alto ya chini kabisa, sauti nzito yenye giza. Cha kuiga kwenye koo la yule teno hakikuwapo. Alichokiona ni mtu wa rangi yake akiimba Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, kisha akimalizia na nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa, kwa uangalifu ule ule aliompa Schubert.

Lakini kuona si kuweza. Mwaka 1924 Anderson alifanya tamasha New York, Town Hall. Watu walikuja wachache, na wahakiki waliandika kwamba nyimbo zake za Kijerumani zilisikika kama za kukariri. Walikuwa na haki. Alivunjika moyo, karibu aache kabisa. Dawa aliyoitafuta baadaye haikuwa santuri nyingine: alikwenda Berlin akaishi na familia ya Wajerumani mpaka maneno aliyokuwa akiyaimba yakawa na maana kinywani mwake. Habari ya alivyoimba mbele ya watu 75,000 kwenye mnara wa Lincoln Memorial, Washington, mwaka 1939, mnaijua; sitaikalia.

Leontyne Price alikuwa na miaka 9 mama yake alipompeleka Jackson, Mississippi, kumsikiliza Anderson. Mama huyo alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya, na msisahau huyo: mtoto alisikia sauti ya mama kila siku kabla ya kumsikia mwingine yeyote. Price akawa soprano wa opera za Verdi, mtunzi wa Italia, sauti inayong'aa juu kule ambako Anderson hakufika. Anderson alipanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, mwaka 1955, mwimbaji Mweusi wa kwanza kuimba hapo nafasi ya mhusika. Alikuwa na miaka 57, sauti imeshapita kilele chake, na jambo hilo mimi linaniuma kila nikilikumbuka. Price aliingia jukwaa hilo hilo mwaka 1961 akiwa na miaka 33, sauti iko motoni.

Wa nne, Jessye Norman, alizaliwa Augusta, Georgia, mwaka 1945. Aliwasikia hao wawili kwenye santuri na redio, maana matangazo ya opera ya Jumamosi alikuwa hayakosi. Akiwa na miaka 16 alishiriki mashindano yaliyoitwa kwa jina la Marian Anderson. Hakushinda. Ila safari hiyo ndiyo iliyomfikisha Chuo Kikuu cha Howard, akasikilizwa, akapata ufadhili. Sauti yake? Pana kama ukumbi mzima. Ukiwaweka wote wanne pamoja huwezi kuwachanganya.

Kwa hiyo vijana, ukimpenda mwimbaji, msikilize wa sauti isiyo yako. Soprano amsikilize Hayes. Koo halitashawishika kuiga, na masikio yatabaki na kazi: anavuta pumzi wapi, neno gani analiegemea, konsonanti anaziweka wapi, amepanga nyimbo kwa utaratibu gani na kwa nini ile ya kiroho imekuja mwisho.

Tufanye sasa hivi kabla ya maswali. Fundi mitambo atatupigia "He's Got the Whole World in His Hands", kwanza ya Anderson, halafu ya Price, katika mpangilio alioandikiwa na mtunzi Margaret Bonds. Chukueni kalamu. Kila mwimbaji anapovuta pumzi, wekeni alama juu ya neno linalofuata.