Kende Isiyoshuka Haingoji Jando

Mbukwenyi! Nawashukuru mliofika, hasa akina baba, maana siku za kliniki huwa mnawaachia akina mama.

Kati ya watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa miezi kamili, kama watatu huzaliwa na kende ambayo haijashuka kwenye mfuko wake. Kwa njiti ni wengi zaidi. Nyingi hushuka zenyewe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo kungoja hakusaidii. Huku kwetu wapo wanaogundulika siku ya jando, wakati huo mbegu zimeshaungua kwa joto la mwilini, ambalo huzidi la mfukoni kwa nyuzijoto 2 hadi 4. Hatari ya saratani nayo hupanda. Kupasuliwa kabla ya balehe huipunguza, haiifuti.

Sasa, asubuhi ya Juni hapa Dodoma, mvue mtoto nguo umshike kwa mikono ya baridi: kende itakimbilia juu hata kama ni nzima. Pasha mikono, mkalishe amekunja miguu, teremsha taratibu kutoka kinenani. Ikifika mfukoni ikatulia, hiyo haihitaji kisu, bali kuangaliwa kila mwaka. Na msikimbilie ultrasaundi! Picha kutoiona kende si ushahidi kwamba haipo.

Ikishikika kinenani, tunapasua hapo, tunaachanisha mishipa, tunafunga kifuko cha ngiri ambacho mara nyingi huwa wazi, kisha tunaishonea mfukoni. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Isiposhikika, mtoto akishalala kwa dawa tunampapasa tena, halafu tunapitisha kamera kitovuni kuitafuta tumboni. Kende ikiwa karibu na kinena, tunaishusha. Ikiwa mbali, na mishipa yake ya damu ni mifupi, ipo njia ya madaktari Fowler na Stephens: tunaikata mishipa hiyo, tunasubiri kama miezi 6 ili kende izoee kulishwa na kimshipa kilicho kando ya mrija wa mbegu, ndipo tunaishusha. Nyingine husinyaa hata hivyo, siwafichi. Tukikuta imeshakauka tunaitoa. Moja nzima inatosha kumpa mtu watoto.

Umri mzuri ni miezi 6 hadi 12, usipite 18. Zote mbili zisiposhikika tangu kuzaliwa, mleteni mara moja, homoni zipimwe. Aliyechelewa naye aletwe, hata akiwa darasa la tano.

Haya, mzee wa nyuma, nimeuona mkono wako.