Blanketi la viraka la mbwa kwa masalio ya kitenge (Deni yuko kazini)

Habari zenu, jamaa. Karibuni tena barazani kwangu, hapa Walukuba, Jinja. Anayeshika simu ni mpwa wangu, kwa hiyo picha ikitikisika mlaumuni yeye. Na huyu aliyejilaza juu ya pedali ya cherehani, kana kwamba ndiye aliyeinunua, anaitwa Deni.

Jina lake lina kisa. Mteja mmoja alinishonesha mapazia ya nyumba nzima, akalipa nusu, nusu iliyobaki ikawa "kesho, mama fundi" mpaka nikachoka kuuliza. Siku moja akaja na katoni, ndani mna kijibwa kinatetemeka. "Pokea hiki, tusameheane." Nikapokea, ningefanyaje? Sasa kila jioni nikisimama mlangoni na kuita "Deni, njoo!" kuna majirani wanaocheka, na kuna wanaofunga madirisha.

Leo tunamshonea Deni blanketi lake mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa na blanketi la viraka la harusi, nimelitandika chini nipange rangi. Nikaenda kuepua maharagwe, dakika mbili tu. Kurudi, bwana mkubwa amelala katikati, na mvua ilikuwa imenyesha. Miguu yake mnaijua. Nilifua, nikafua tena, na doa moja la matope mekundu nikalifunika kwa kiraka cha ua. Bibi harusi alilisifu lile ua, na mimi nikanyamaza.

Wewe unayeanza kushona viraka, usianze na blanketi la harusi. Anza na la mbwa. Pembe zisipokutana, hatakwambia.

Hatua ya kwanza, mpime mbwa. Usimpime akiwa amesimama. Ngoja alale na kujinyoosha, kisha pima kutoka puani hadi mkia unapoanzia, uongeze kama inchi 10. Deni ni mbwa wetu wa kawaida, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Ana inchi 30. Kwa hiyo tunalenga urefu wa inchi 40 hivi na upana wa inchi 27. Wa kwako akiwa mkubwa kama ndama, ongeza safu.

Ya pili ni vitambaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoharibu. Nenda kwa mafundi wa kitenge jioni, wakati wanafagia. Mimi hujaza kavera, yaani mfuko wa plastiki, kwa shilingi 2,000, na siku nyingine wananipa bure kwa sababu nawapunguzia takataka. Mkiwa Kampala, zungukeni pale Kiyembe.

Sasa chagua. Shika kipande, kikunje ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, fungua. Mpwa, sogeza simu. Mnaona hiki kimebaki na makunyanzi? Hiyo ni pamba, weka huku. Hiki kimejifungua chenyewe na kuteleza kama samaki: ni kipande cha gomesi, lile vazi la wanawake wa Uganda. Nguo nzuri sana ile, na wanasema jina lilitoka kwa Mgoa, mtu wa Goa kule India, aliyeitwa Gomes, lakini kitambaa hiki kinachong'aa hakipatani na pasi ya mkaa. Tazameni chini ya pasi yangu, lile kovu la zambarau. Ni gomesi ya mtu hiyo, imeyeyuka hapo na haijawahi kutoka.

Kuna aliyeniuliza kama lubugo inafaa. Hapana, jamaa. Lubugo ni gome la mti wa mutuba, linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike, na halivumilii kufuliwa kila wiki. Halafu Waganda huwazika wapendwa wao ndani yake. Mtandikie mbwa lubugo, kisha mkwe wako Muganda akutembelee, mtakuwa na mazungumzo marefu.

Vipande vya pamba vyote vioshwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya kina wanga, na kingine kinatoa rangi. Ukiwa na wasiwasi na chekundu au buluu iliyoiva, kibonyeze kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe. Cheupe kikigeuka rangi, rudi kwenye beseni.

Ya tatu, kukata. Chukua boksi la sabuni, kata mraba wa inchi 5 kwa 5, huo ndio kipimo chako. Upime kwa rula, maana futi ya kitambaa ikizeeka hurefuka, na yangu imeshanidanganya. Kata miraba 54: iliyoiva rangi 27, iliyofifia 27. Usihangaike maua yalingane. Mimi hutafuta giza na mwanga tu. Nikibaki na shaka, navipiga picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Hapo kitenge kinachojifanya cheusi kinaumbuka.

Ya nne, kuunga. Tunashona vifungu vya viraka tisa-tisa, safu tatu za vitatu. Giza, mwanga, giza. Mwanga, giza, mwanga. Giza, mwanga, giza. Vifungu vitatu viwe hivyo, na vitatu vingine vigeuzwe, mwanga uanze. Vyote ni sita.

Mshono ni robo inchi, wala si "kama robo". Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindano inapotua, ukingo wa kitambaa utembee hapo. Upande mrefu una miraba 9, yaani mishono 8. Ukikosea sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kwenye kila mshono, umekula inchi nzima, maana mshono unapunguza vitambaa viwili, na safu ya jirani haitakubali kukutana nawe. Ndiyo hesabu niliyokataa kuielewa shuleni.

Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mwingine. Ulalie upande wa kitambaa cha giza, ili mishono ya safu mbili ikikutana moja ielekee huku na nyingine kule, ishikane. Bonyeza pasi, inua, bonyeza tena. Ukiiburuta, mraba unakuwa mshazari. Mimi napenda ya mkaa kwa sababu ni nzito, na haiulizi kama stima ipo. Ila ifute jivu kwanza.

Unga vifungu viwili kwa upana, vitatu kwa urefu. Tumepata uso wa blanketi, inchi 27 na nusu kwa 41. Haya, mpwa, onyesha. Pale kona ya kushoto hapakukutana, nimeona, msiandike.

Ya tano, tabaka tatu. Chini, yadi moja ya kitenge kizima inatosha, maana upana wake ni karibu inchi 45. Kata kubwa kuliko uso, inchi moja na nusu kila upande. Katikati naweka blanketi kuukuu la mivumba. Nyie wa Kenya na Tanzania mnaita mitumba, sawa. Sitaki sponji iliyosagwa. Mbwa akiitoboa, asubuhi utadhani imenyesha theluji barazani, na zaidi ya yote ataila.

Fagia sakafu. Tandika kitenge cha chini, uso wake utazame sakafu, ukivute kiasi na kubandika kingo kwa selotepu. Juu yake blanketi kuukuu. Juu tena...

Deni! Toka! Mnaona? Sijamwita. Mbwa husikia kitambaa kinatandikwa hata akiwa nyumba ya tatu. Dawa yake ni kumchosha kabla. Leo asubuhi tumetembea hadi karibu na ziwa tukarudi, na bado. Mpe mfupa wake kule.

Nilisahau kitu. Nina wateja wanaoswali, na nguo zao mbwa hazigusi. Mate ya mbwa yakipata kanzu ya mtu, itabidi aioshe mara saba, moja kwa udongo, na mimi ndiye nitakuwa nimemletea kazi hiyo. Kwa hiyo kazi zao zinakaa ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye ndoano ile ya juu. Ukifuga mbwa na kushona nyumba moja, weka ndoano kabla ya kuweka bango la biashara.

Tunaendelea. Weka uso juu, lainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, kisha bana tabaka zote kwa zile pini za kufungia nepi. Anzia katikati, kila inchi 5 hivi pini moja. Na uzihesabu. Mimi naandika kwenye kiganja: leo ni 40. Zikitoka ziwe 40.

Nina sababu. Mwaka jana nilimkuta Deni na uzi unaning'inia mdomoni. Mkono ulishatangulia kuuvuta, lakini nikaona amesinyaa, hataki kula, nikampakia boda hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari akaniambia nilifanya vyema kuuacha. Uzi unaweza kuwa umenasa chini ya ulimi au mbali tumboni, na ukiuvuta unakata utumbo kama msumeno. Ukiwa na sindano mwisho wake, ni balaa jingine. Ulitolewa salama, nami nikalipa bili iliyozidi bei ya yale mapazia. Ukiona uzi mdomoni au nyuma kwa mbwa, usiuvute na usiukate, mpeleke. Na masalio ya uzi yawe na kopo lenye kifuniko. Sakafu si kopo.

Ya sita, kushonea tabaka pamoja. Badili sindano, weka namba 16. Ile ya kushonea blauzi itavunjika. Refusha mshono kidogo, legeza mguu unaokandamiza nguo, la sivyo kitambaa cha juu kitasukumwa mbele na kufanya mikunjo. Anza mstari wa katikati, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, ukielekea nje. Mimi napitisha mistari miwili kwa kila mshono wa viraka, mmoja kila upande. Ndiyo, ni mingi. Mbwa kabla ya kulala huzunguka na kuchimba, na mstari ulio mbali na mwenzake ni mwaliko wa kucha. Wengine hufunga tabaka kwa mafundo ya uzi mzito. Kwa mtoto mkubwa sawa, kwa mbwa hapana, fundo ni peremende. Hakuna vifungo, hakuna shanga.

Ukimaliza, fungua nyumba ya bobini uone manyoya. Hayo si ya kitenge. Toa kwa brashi ya meno, tia tone la mafuta, endelea.

Ya saba ni pindo. Kata vipande vinne vya inchi 2 na nusu kutoka upana mzima wa kitenge, viunge, kunja katikati kwa urefu, piga pasi. Shonea upande wa mbele, kingo zikilingana, halafu geuza nyuma na umalizie. Kwenye kona simama robo inchi kabla ya mwisho, toa sindano, kunja utepe kwenda juu, ukunje tena kuja chini, uanze upande mpya. Nimerudia polepole hapo, rudisheni video. Kona yangu ya kwanza maishani ilitoka kama sambusa.

Kuhusu kufua. Maji ya moto, kila wiki, kwa ajili ya viroboto. Anika kwenye kamba, juani, kamwe si kwenye nyasi. Kuna nzi hapa kwetu anayetaga mayai kwenye udongo na nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi, ya mbwa na ya kwako. Ikikauka, pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Nasi wa Busoga tunawajua pia wale funza wa miguuni: sakafu ya vumbi anapolala mbwa inyunyiziwe maji na kufagiliwa, na makucha yake yaangaliwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiruke mwaka hata mmoja.

Haya. Pini 38, 39... 40. Kabla ya kumtandikia, chini yake weka gunia lake la zamani, bila kulifua, aisikie harufu yake. Blanketi jipya linanuka sabuni, na mbwa hulitazama kama mgeni.

Deni. Njoo. Njoo, baba. Anazunguka... anachimba, mistari imeshika... amelala. Kidevu kwenye kona isiyokutana.

Hodi? Karibu, Hajati, pita tu, hatainuka. Kanzu ya mzee iko pale juu kwenye ndoano, mfuko sijaufungua. Nini? Hilo? La mbwa hilo, Hajati. Wa mjukuu? Rangi hizo hizo? Kwa bei gani? Bannange, Hajati, kwa bei hiyo hata uzi haununuliki. Kaa kwanza. Mpwa, zima simu.