Lakabu za Barua Pepe: Kushoto Jina, Kulia Mtu

Asanteni kwa kuja. Nitazungumzia lakabu, yaani anwani isiyo na kikasha chake, ambayo kazi yake ni kuielekeza barua kwenye anwani nyingine. Kuitengeneza ni kazi ya dakika moja, na ndiyo maana wengi wetu huitengeneza ovyo.

Tuanze na faili la /etc/aliases. Lilizoeleka tangu enzi za Sendmail, programu ya seva ya barua pepe ya Eric Allman, na Postfix, programu nyingine ya aina hiyo ya Wietse Venema, ikalirithi. Kushoto unaandika jina, unaweka nukta mbili, kulia unaweka mpokeaji: mauzo: asha, juma. Kisha unatoa amri ya newaliases. Ukiisahau utahangaika bure, kwa sababu kwa kawaida seva haisomi maandishi yako, inasoma hifadhidata inayotengenezwa kutokana nayo.

Sasa, panapowachanganya watu ni hapa. Jina la kushoto katika faili hilo halina alama ya @. Kama seva yako inapokea barua za vikoa viwili (kikoa ni sehemu ya anwani inayofuata @) na vyote umevitaja kwenye mydestination, yaani orodha ya Postfix ya vikoa ambavyo barua zake hukabidhiwa ndani ya mashine yenyewe, basi “mauzo” wa kikoa cha kwanza na wa kikoa cha pili ni mtu yuleyule. Ukitaka kuwatenganisha, tumia virtual_alias_maps, jedwali lingine la lakabu la Postfix, ambako kushoto unaandika anwani nzima. Jedwali hilo hutayarishwa kwa postmap, si kwa newaliases. Tena linaangaliwa mapema, kabla barua haijaingia kwenye foleni ya kusambazwa. Lile la kwanza linasubiri hadi barua inapokabidhiwa ndani ya mashine yenyewe, na ndiyo sababu lile peke yake linaweza kuipitisha barua kwenye programu. Na kikoa kimoja kisiandikwe kwenye mydestination na virtual_alias_domains (orodha ya vikoa ambavyo anwani zake zote ni lakabu) kwa pamoja. Postfix italalamika kwenye kumbukumbu zake, na itakuwa na haki.

Zipo lakabu ambazo huna hiari nazo. RFC 5321, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti, inadai kila kikoa kinachopokea barua kikubali zinazotumwa kwa postmaster, yaani msimamizi wa barua. RFC 2142 ya mwaka 1997 inaongeza abuse (ya malalamiko ya matumizi mabaya), hostmaster (ya msimamizi wa DNS, mfumo wa majina ya vikoa) na nyinginezo. Mpe root, akaunti ya msimamizi mkuu wa mashine, naye mtu wa kumsomea, maana ripoti za kazi za usiku humwendea yeye. Naona wengine mnacheka. Nendeni mkaangalie kikasha cha root leo.

Suala zito ni kuelekeza barua nje, kwenye kikasha cha mtu kilichoko kwa kampuni nyingine. Kampuni hiyo itaona barua imetoka kwenye seva yako huku mtumaji akiwa wa kikoa kingine, na ukaguzi wa SPF, unaoangalia kama seva imeruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa cha mtumaji, utashindwa. Saini ya DKIM, ambayo kikoa cha mtumaji huiweka kwenye barua yenyewe, huokoka iwapo hukugusa maandishi, lakini barua isiyo na saini, ikitoka kwenye kikoa chenye DMARC kali (sera ya kikoa kuhusu barua zinazoshindwa ukaguzi huo), itakataliwa. SRS, mbinu ya seva inayoelekeza barua, huandika upya anwani ya mtumaji iliyo kwenye bahasha, yaani ile ambayo seva huambiana wakati wa kupokezana barua, hivyo SPF inapita, ila DMARC haitosheki, kwa kuwa inalinganisha na kile kilichoandikwa kwenye “Kutoka”. Na barua taka ulizozipitisha zinahesabiwa kuwa zako. Kwa maoni yangu, mfungulie mtu huyo kikasha hapo hapo kwako, azichukue mwenyewe kwa IMAP, njia ya programu ya barua kusoma kikasha kilichoko kwenye seva.

Vilevile sipendi lakabu inayopokea kila kitu, yaani @kikoa tupu upande wa kushoto. Watuma barua taka hubahatisha majina, nawe utakuwa umeyakubali yote. Mteja aliyekosea herufi naye hatajulishwa kwamba amekosea.

Kabla ya kumtangazia yeyote anwani mpya, jaribu postmap -q ukiipa anwani na jedwali. Itakuonyesha hatua ya kwanza tu. Ukitaka njia nzima, sendmail -bv itakutumia ripoti ya mahali barua ingefika, bila kumfikishia mtu chochote. Fanya hivyo pia siku mfanyakazi anapoondoka: tafuta jina lake upande wa kulia wa majedwali yote mawili kabla hujafuta kikasha chake.

Haya, maswali.