Udi wa sukari kama wa bibi: kuupika, kuuchoma na kufukiza kanga

Karibu mtazamaji. Fungua kasha la bibi yeyote wa Unguja, Mombasa au Lamu: kanga zinanukia hata kama hazijavaliwa kwa miezi. Harufu ile ni ya udi wa sukari, na leo tunaupika.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, vunja udi mkavu, yaani vipande vya mti wa kunukia, gramu 50 uwe vipande vidogo kama punje za mahindi. Loweka kwa vijiko 3 vya marashi ya waridi, funika. Udi mkavu haushiki sukari vizuri.

Weka kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Kamulia matone machache ya ndimu ili sukari isirudi kuwa chenga. Shira ikianza kuvuta uzi, mimina udi pamoja na marashi yake. Itaruka kidogo, kaa mbali na uso wa sufuria.

Hapa usiondoke. Dondoshea tone kwenye maji baridi. Likiwa laini, bado: ukiepua sasa udi utanata vidoleni na utaota ukungu chupani. Likiwa gumu na kuvunjika, epua mara moja. Ukisubiri mpaka sukari iwe nyeusi, moshi utakuwa mchungu na hakuna marashi ya kuuokoa.

Sufuria ikiwa nje ya moto, tia vijiko 2 vya unga wa sandali, koroga. Acha mvuke utulie, ndipo uweke kijiko 1 cha chai cha mafuta ya udi na miski kidogo. Wengi huharibu hapa: wanatia mafuta sufuria ikiwa bado motoni, nyumba nzima inanukia siku hiyo, halafu udi wenyewe hauna kitu. Manukato ya dukani yenye spiriti usitie kabisa, yanashika moto.

Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, upoe, vunja, hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Ukikaa wiki 2 kabla ya kuchomwa, harufu inakolea zaidi.

Sasa chetezo, chombo cha kuchomea udi. Makaa yawe yamevaa jivu jeupe. Kwenye kaa jekundu sukari huungua kabla udi haujatoa harufu, utasikia karameli tu. Kipande kimoja kinatosha.

Funika chetezo kwa tenga lenye matundu, tandika kanga juu, shibiri 2 kutoka kwenye makaa. Geuza baada ya dakika 5. Pamba hushika harufu vizuri. Nailoni huyeyuka, iache. Kanga zipoe kabla ya kukunjwa, zisiingie kashani na joto.

Dirisha liwe wazi muda wote, na chetezo kitolewe nje kabla watu hawajalala. Hewa ya makaa huua.