China na Japani: biashara ilipogeuzwa fimbo

Ndugu zangu, tuanzie Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Wavuvi wa huko hufuga samakigamba waitwao hotate, na kwa miaka mingi mteja wao mkubwa alikuwa China. Mzigo ulisafirishwa na magamba yake, ukabanduliwa viwandani China, na nyama nyingine ikauzwa hadi Marekani. Tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ilikwisha sema mpango huo unakidhi viwango vya kimataifa. Siku hiyo hiyo China ikapiga marufuku mazao yote ya bahari ya Japani.

Uchungu wa Wachina ni wa kweli. Mauaji ya jeshi la Japani mjini Nanjing, 1937, hayasahauliki, na kila waziri mkuu wa Japani anapokwenda Yasukuni, hekalu la Tokyo wanakoenziwa wahalifu wakuu wa vita 14, anatonesha kidonda. Lakini mvuvi wa hotate ana kosa gani?

Kuna wakati viongozi walijua kunyamaza. Mwaka 1978 kiongozi wa China Deng Xiaoping, akiwa Tokyo, alisema suala la visiwa vya Senkaku, vinavyogombewa na nchi hizo mbili na ambavyo China huviita Diaoyu, liachiwe kizazi kijacho chenye hekima zaidi. Hekima hiyo haijaja. Septemba 2010, karibu na visiwa hivyo, meli ya uvuvi ya China iligongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani. Nahodha akakamatwa, na shehena za madini adimu kwenda Japani zikakwama. Mwaka 2012 serikali ya Japani ikanunua visiwa vitatu kati ya hivyo kutoka kwa mmiliki binafsi, na huko China maduka na magari ya Kijapani yakavunjwa.

Mapema Novemba 2025 hotate walikuwa wameanza tena kwenda China. Tarehe 7, Waziri Mkuu Takaichi Sanae akaliambia bunge kwamba shambulio dhidi ya Taiwan, kisiwa ambacho China hudai ni chake, laweza kuwa tishio kwa uhai wa Japani, na hivyo jeshi la Japani linaweza kuingia vitani. China ikawaasa raia wake wasisafiri Japani, na soko la samaki likafungwa upya.

Hili naliogopa kuliko yote yaliyotangulia. Senkaku ni miamba isiyokaliwa na watu. Taiwan ina watu milioni 23, na kisiwa cha Yonaguni cha Japani kiko kilomita 110 tu kutoka hapo. Beijing ilimtaka Takaichi afute kauli yake. Alikataa.