Bwawa la Nyumbani Limegeuka Kijani Baada ya Masika: Lirudishe Bila Kumwaga Maji

Karibuni watazamaji. Leo tupo Mbezi Beach, Dar es Salaam, kwenye bwawa la familia. Masika imenyesha mfululizo, umeme ukawa unakatika, pampu ikalala, na haya mnayoyaona ndiyo matokeo: maji yamekuwa kama kisamvu. Ngazi ya pili haionekani, sakafu ndiyo kabisa.

Kabla hatujagusa chochote, naomba mambo mawili. La kwanza, funga geti au weka mtu wa kuangalia. Mtoto akizama kwenye maji ya namna hii hutamwona hata ukiwa umesimama ukingoni. Mtu yeyote asiingie humu mpaka tundu la kutolea maji pale chini lionekane wazi.

La pili, usiyamwage maji. Najua fundi mwingine akifika neno lake la kwanza ni "tumwage tujaze upya". Msimu huu maji ya ardhini yako juu. Bwawa likiwa tupu halina uzito wa kuyakandamiza, hivyo yanaweza kulisukuma kutoka chini likapasuka au likanyanyuka. Kulikarabati kutakugharimu kuliko dawa za mwaka mzima. Maji haya yanatibika.

Sasa tuhakikishe kwamba ni mwani kweli, yaani vile vimea vidogo sana vya kijani vinavyoota majini. Chota maji kwenye ndoo nyeupe. Yakiwa na ukungu, na ukuta wa bwawa ukiugusa unateleza, huo ni mwani. Yakiwa na rangi ya kijani au kahawia lakini ni maangavu, na hasa kama rangi ilitokea mara tu ulipotia klorini kwenye maji ya kisima, hayo ni madini ya chuma au shaba, tiba yake ni nyingine. Haya yetu yana ukungu na ukuta unateleza. Tuendelee.

Piga hesabu ya ujazo. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Hili lina mita 8 kwa 4, na kina cha wastani mita moja na nusu. Ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Andika namba hiyo ukutani kwenye kibanda cha pampu, kwa sababu dawa zote zinapimwa kwa namba hiyo.

Opoa majani kwa neti ya mpini mrefu, safisha kikapu cha skima, ule mdomo wa ukingoni unaovuta uchafu wa juu ya maji, na kikapu cha pampu. Klorini haichagui: ukiacha majani, itaishia kwenye majani.

Hapa sasa tutulie, maana ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Kabla ya klorini, pima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: namba ikipanda, asidi imepungua. Klorini ikiingia majini hugawanyika: sehemu moja ni kali na ndiyo inayoua mwani, nyingine ni dhaifu. Mgawanyo huo unaamuliwa na pH. Kwenye 7.5, karibu nusu ya klorini yako ni ile kali. Ikipanda hadi 8, inabaki karibu robo tu. Na mwani wenyewe, kwa kuwa unafyonza kabonidayoksaidi iliyo majini, unaipandisha pH. Ndiyo maana mtu anamwaga ndoo nzima ya klorini, asubuhi anakuta kijani kile kile, anailaumu dawa.

Kipimo chetu kinasoma 8.2. Tunataka 7.2 hadi 7.4 kabla ya kuanza. Vaa glovu, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Jaza ndoo maji kwanza, kisha ndiyo umimine asidi ya haidrokloriki ndani ya maji. Usifanye kinyume chake hata siku moja. Kwa bwawa hili naanza na nusu lita, naimwaga polepole upande wenye kina huku pampu ikizunguka. Subiri kwa muda wa saa nne, pima, ongeza kidogo kama bado. Usiruke kipimo hiki ukidhani utapima baadaye, kwa sababu klorini ikishakuwa nyingi kipimo cha pH hudanganya rangi.

Jua linazama, sasa ndio wakati wa klorini. Mchana jua la pwani linaila ikiwa haijafanya kazi, usiku inabaki na mwani peke yake. Ninatumia klorini ya punje, ile kalsiamu haipoklorite ya asilimia 65. Kijani chepesi kinahitaji takriban miligramu 10 za klorini kwa kila lita: kwa lita 48,000 ni gramu 740 za punje. Kijani kizito kama hiki kinahitaji mara mbili, kilo moja na nusu. Ikoroge kidogo kidogo ndani ya ndoo yenye maji tayari, kisha izungushe ukingoni kote. Punje zisizoyeyuka zikitua sakafuni zinaacha madoa meupe.

Na sikilizeni vizuri. Asidi na klorini zisikutane, hata kwenye ndoo moja iliyosuuzwa haraka haraka. Zikikutana hutoa gesi ya sumu. Vilevile usichanganye punje na vile vidonge vikubwa vya klorini, kwa sababu zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Kila dawa iwe na kikombe chake, na zisikae rafu moja stoo.

Shika brashi sasa. Kuta, kona, nyuma ya ngazi, mistari ya saruji kati ya vigae, kote. Mwani hujitandaza kwa utando unaoukinga, na klorini haipenyi vizuri mpaka utando upasuliwe. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kuongeza dawa na kuongeza dakika za kusugua, ningesugua. Rudia asubuhi na jioni.

Pampu iende usiku na mchana mpaka maji yang'ae. Chujio la mchanga litaziba haraka, hivyo angalia geji ya presha. Ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya ilivyokuwa chujio likiwa safi, zima pampu, geuza vali upande wa kuosha mchanga, washa mpaka kioo kionyeshe maji safi, zima tena, suuza, rudisha. Ukigeuza vali pampu ikiwa inazunguka unaharibu gasketi ya ndani.

Asubuhi ukikuta maji ya kijivu au meupe kama yenye maziwa, furahi, mwani umekufa. Klorini ikisoma sifuri, jioni rudia dozi. Mwani umekwisha kabisa pale klorini ya asubuhi inapopungua kwa miligramu moja au chini kulinganisha na usiku.

Uchafu mzito unaweza kuutuliza kwa shabu. Iyeyushe, isambaze, zungusha maji kidogo, kisha zima pampu usiku kucha. Kesho yake utakuta tope sakafuni. Lifyonze taratibu vali ikiwa upande wa kutupa nje, lisipite kwenye mchanga. Pima pH tena, shabu huishusha.

Kuhusu mrututu, yaani salfeti ya shaba, nauona ukitumiwa sana. Ni kweli unaua mwani, lakini shaba yake haitoki majini: inaacha madoa kwenye saruji na kuzipa nywele za rangi nyepesi ukijani. Kwa bwawa la familia siushauri.

Maji yakishang'aa, yatunze kwa namba. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.6, ualkali miligramu 80 hadi 120 kwa lita, ambao ndio unaoizuia pH isiyumbe. Mvua hushusha ualkali. Upandishe kwa sodiamu bikaboneti. Pima klorini na pH angalau mara mbili kwa wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Ukitumia vidonge, kumbuka vina asidi ya sayanuriki inayoikinga klorini dhidi ya jua. Miligramu 30 hadi 50 zinatosha. Ikizidi sana klorini inakuwa mvivu, na hapo tu ndipo ninapokubali kupunguza sehemu ya maji na kujaza mapya, wakati wa kiangazi.

Pampu ya bwawa kama hili izunguke saa nane kwa siku kwenye joto la Dar. Umeme ukikatika siku nzima, mimina klorini ya jioni kama kawaida, yasukume maji kwa brashi ndefu ili isambae, na umeme ukirudi iache pampu iende usiku kucha kabla hujamruhusu mtu kuogelea.