Mkifika Ulaya, Anzieni Berlin

Wadogo zangu mnaosafiri kwenda kusoma Ulaya, na wazazi mliokuja nao, habari za mchana.

Nimeombwa niwaeleze ni miji ipi ya Ulaya inafaa kutembelewa na mwanafunzi wakati wa likizo. Mimi nilisoma Leipzig, mashariki ya Ujerumani, na fedha niliyobakiza kila mwezi iliishia kwenye nauli za mabasi na treni. Sijutii hata kidogo. Kwa hiyo leo nazungumza jambo ninalolipenda.

Paris, Roma, Amsterdam, huko mtakwenda tu, hata nisiposema. Nendeni, pigeni picha, furahini na wenzenu. Lakini mwanafunzi ana likizo chache na mfuko mwepesi, lazima achague pa kuanzia. Ushauri wangu ni huu: anza na mji uliohifadhi kitu cha kwenu. Ukiwa na jambo unalolifuatilia, utauliza maswali, utaingia mitaa ambayo watalii wanaipita, na wenyeji watakueleza mambo wasiyomweleza mpita njia. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, mimi nataja mitatu: Berlin, Hamburg na Lisbon. Naanza na Berlin kwa sababu huko kuna mengi zaidi.

Pandeni treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, mshuke kituo cha Naturkundemuseum. Hapo kuna makumbusho ya elimu ya viumbe, na katika ukumbi wake mkubwa amesimama yule mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, mnayemsikia akitajwa kila mara, hata Bungeni. Kutoka sakafuni hadi utosini ana mita 13.27. Kumsikia ni jambo moja. Kusimama chini ya mbavu zake ni jambo jingine kabisa. Mifupa ile ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, wakati kusini yetu ilikuwa bado haijapona njaa na vifo. Waliochimba ni mamia ya watu wa kwetu, na wapagazi wakaibeba mizigo kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Historia ikisimuliwa husikii ila majina ya Wajerumani, Janensch na Hennig. Mimi nawaomba mlishike jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye ujuzi wake wataalamu wale waliutegemea sana. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Karibu karne nzima baadaye! Mjadala wa kumrudisha mjusi ni wa haki kabisa, na ninyi mtakaoweza kumwona kwa macho mna wajibu wa kuushiriki mkiwa na hoja.

Mkitoka hapo msirudi hosteli. Fuateni mtaa uleule wa Invalidenstraße kuelekea mashariki mpaka mkutane na Brunnenstraße, mpinde kulia, mtafute nyumba namba 193. Tazameni chini. Kuna kijiwe chenye bamba la shaba, kimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, kina jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha mwaka 1929 akahamia Berlin. Huko alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimkamata mwaka 1941 na kumpeleka kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya jiji, na humo akafa mwezi Novemba 1944. Mwalimu wa Kiswahili! Nimewapeleka rafiki zangu wengi mbele ya nyumba ile, Wakenya, Wakongo, Wajerumani pia, na sijaona hata mmoja aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Siku ya pili rudini kwenye U6, safari hii mwende mpaka kituo cha Afrikanische Straße. Barabara za mtaa ule zina majina ya kwetu na ya jirani zetu. Palikuwa na barabara iliyopewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Wakazi na wanaharakati walipigania kwa miaka mingi libadilishwe, na mwaka 2024 sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee. Kijana wa Songea au Kilwa akisoma kibao kile, ajue kuwa kilipatikana kwa kudaiwa.

Hamburg ni mji wa maji na meli, na mimi huupenda hata mvua ikinyesha, ambayo hunyesha sana. Nendeni bandarini, mle mkate wa samaki, halafu mpande treni hadi makaburi ya Ohlsdorf. Ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria hupita ndani yake. Humo amezikwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alimpenda mfanyabiashara wa Kijerumani, akatoroka mwaka 1866, akabatizwa Emily na kufunga ndoa Aden, kisha akaja kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kijerumani, yakachapishwa mwaka 1886. Someni kabla ya kwenda. Mtamhurumia, na pengine mtamkasirikia pia, maana katika kurasa hizohizo anautetea utumwa. Msiifumbie macho sehemu hiyo.

Lisbon ndio mji unaokaribia zaidi pwani yetu kwa hewa na harufu: jua, chumvi, samaki wa kuchoma vichochoroni mwezi Juni. Vasco da Gama amezikwa katika kanisa la Jerónimos, na foleni ya kuingia ni ndefu. Mimi ningewapeleka kwanza makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Kuna monstransi ya dhahabu, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, iliyokamilika mwaka 1506. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama aliitoza kwa mfalme wa Kilwa kama kodi ya utii, akafika nayo Ureno mwaka 1503. Mwaka 1505, wakati sonara bado yuko kazini, jeshi la Wareno chini ya Almeida likaivamia Kilwa na kuipora. Ni kazi nzuri mno, vijimtume kumi na wawili wamepiga magoti, na rangi zao hazijafifia. Watazameni kwa utulivu. Kisha tokeni nje mkae mahali penye upepo wa mto Tagus, maana mtahitaji kupumua.

Sasa mambo ya nauli na karatasi, kwa ufupi. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kinakuruhusu kutembelea nchi za Schengen nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180. Tembea nacho pamoja na pasipoti. Mabasi ya usiku ni nafuu kuliko treni za mwendo kasi. Kitambulisho cha mwanafunzi kionyesheni kila mlangoni. Na msipange makumbusho siku ya Jumatatu, kwa kuwa ya Berlin na Lisbon niliyoyataja hufungwa.

Wanaokwenda Uingereza hesabu yao ni nyingine, kwani haimo Schengen na watahitaji viza ya pili ili kufika miji hii. Lakini wasinung'unike. Maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika pale London, ina hati za tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ningeanzia hapo kabla ya kuhangaika na viza yoyote.

Haya, maswali. Naona dada pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu.